Neno "Mshenzi" na Deni Letu kwa Watu wa Ziwani



Darsa yetu imeletewa barua kutoka Kisumu. Mwenye kuiandika ni kijana wa Kijaluo, Mwislamu aliyezaliwa na Mwislamu, na kazi yake ni kusomesha watoto Qurani katika madrasa moja ya mji ule. Asema kwamba alipeleka posa katika nyumba ya watu wenye asili ya pwani waliohamia Kisumu tangu zama za babu zao. Binti ameridhia, na mama yake ameridhia. Lakini baba wa binti amekwisha kufariki, wala hana babu wala ndugu wa kiume, kwa hivyo walii wake ni ami yake aliye Mombasa, na ami huyo alipoulizwa kwa simu alijibu maneno matatu tu: "Hatuozi washenzi sisi." Kisha akakata.

Kijana atuuliza mambo mawili. La kwanza, je, sharia yampa ami haki ya kukataa kwa sababu hiyo? La pili, na hili ndilo lililotunyima usingizi, neno lile limemfikia kwa njia gani yeye, ambaye baba yake na babu yake waliswali, wakafunga, wakazikwa kwa sanda na talkini?

Swali la kwanza lina jibu katika vitabu vya fiqhi, nasi tutalifikia inshaallah. Ama la pili, halimo katika vitabu tulivyosomeshwa. Walimu wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, walitufunza khabari za Badri na Uhud hata tukayajua majina ya mashahidi. Lakini hapana aliyetufunza vita vilivyopigwa katika nchi hii hii, mwendo wa siku moja kwa gari la moshi kutoka misikiti yetu, na watu wetu wakiwamo ndani yake. Ilitubidi tusome tukiwa watu wazima, na tuwaulize wazee wa Ziwani tulipokwenda kuzuru. Basi tutaanza na swali la pili, kwani asiyejua maradhi yalikotoka atapaka dawa penginepo.

Kabla ya Mwingereza kufika, misafara ya pwani ilikuwa imekwisha kuijua njia ya kwenda Ziwani. Ilitoka Mombasa na Pangani, ikapita nchi ya Wamasai, ikatua Mumias katika mji wa Nabongo wa Wawanga. Joseph Thomson, Mskochi aliyepita huko mwaka 1883, aliongozwa na watu wa pwani waliokwisha kuyajua mabonde na mito yake. Misafara ilikwenda kutafuta pembe za ndovu, na baadhi yao walitafuta watu. Twajua pia kheri yao: Uislamu wa Mumias ulipandwa na watu hao, na jamaa za Nabongo Mumia waliingia katika dini kwa mikono yao. Hilo twajifakhiri nalo kila mara, na tuna haki. Lakini mkono ule ule uliopeleka shahada ulipeleka na jina. Watu wote wa ufuo ule, Wajaluo na Waluhya, wakaitwa Wakavirondo, jina ambalo wenyewe hawakujipa, na Wazungu wakalichukua kutoka katika misafara wakaliandika katika ramani na katika daftari za kodi. Hata ghuba ya ziwa iliitwa Kavirondo kabla ya kurudishiwa jina la Winam. Na kwa ujumla, kila asiyekuwa na kanzu aliitwa mshenzi.

Hapa pana jambo la kuchekesha, lau lisingekuwa la kuhuzunisha. Wako wataalamu wa lugha wanaosema kuwa neno "shenzi" asili yake ni Kiajemi, na maana yake mtu mweusi, mtu wa nchi ya Zanji. Na Zanji ni wapi? Ni pwani yetu hii. Ikiwa wasema kweli, basi tulitukanwa sisi, tukalivua tusi tukamvika jirani. Na wengi katika wapagazi waliolibeba neno hilo pamoja na mizigo yao walikuwa wenyewe ni Wanyasa na Wayao, watumwa au watoto wa watumwa, ambao pwani iliwaita kwa jina hilo hilo walipofikishwa sokoni.

Kisha wakaja Waingereza, na neno lililokuwa ulimini likapata bunduki. Nchi ya Ziwani wakati huo ilihesabiwa katika Uganda, wala haikuingizwa katika himaya ya Afrika Mashariki mpaka mwaka 1902. Serikali ile ndogo ilikuwa na watu wachache, na njia yake ya kujulisha kuwa imefika ilikuwa ni kile walichokiita safari za kutia adabu. Kabila likinyima chakula, au likiua mjumbe, au likikata waya wa simu, basi nchi nzima yaendewa: nyumba huchomwa, mifugo hutekwa, na anayesimama na mkuki hupigwa. Mwaka 1895 Wabukusu walishambuliwa katika ngome zao za Lumboka na Chetambe. Mwaka 1899 ilikuwa zamu ya Wajaluo wa Seme, Sakwa na Uyoma, katika ufuo wenyewe wa ziwa, na mifugo yao ikaswagwa kwa maelfu. Silaha iliyoamua mambo ni bunduki ya Maxim, ambayo watu wetu waliiita bombom. Mbele ya ngao ya ngozi, bombom haina vita. Ina mavuno tu.

Reli ilifika Kisumu mwezi wa Disemba mwaka 1901, na mji ukapewa jina la mke wa Mzungu mmoja wa reli, ukaitwa Port Florence, kana kwamba kabla ya hapo haukuwa na jina. Wenyeji walikuwa na lao, nalo latokana na kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana, na ndilo lililoshinda. Milima ya Nandi inaitazama reli hiyo kutoka juu. Wanandi walipigana miaka kumi, na kiongozi wao alikuwa Koitalel arap Samoei, ambaye kwao alikuwa kama imamu wa dini yao. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa katika mkutano wa suluhu na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, akauawa papo hapo pamoja na watu wake. Afisa alifanyiwa uchunguzi na wenziwe, wakamtoa safi, kisha wakamwondosha nchini. Sisi tuliosoma hukumu za amani katika vitabu vya jihadi twajua kuwa aliyepewa amani hata na mtumwa haguswi. Na mwenye kumuua amefanya khiyana, awe aliyeuawa ni wa dini gani. Vita vilipokwisha, Wanandi waliouawa walikuwa zaidi ya 1,000 kwa hesabu ya serikali yenyewe, na katika taarifa hiyo hiyo wamewekwa ng'ombe zaidi ya 16,000 na mbuzi na kondoo zaidi ya 36,000. Walioandika hawakuona haya kuwapanga watu na mbuzi katika safu moja.

Kwa Wakisii ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1905 kikosi kilipelekwa na bombom, na zaidi ya watu mia wakalala chini. Januari mwaka 1908 kijana aitwaye Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Na watu wa Kisii husimulia mpaka leo kuwa aliyemtia moyo ni mama mmoja mwenye kuagua, Moraa. Northcote alipona, akaishi, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Wakisii hawakupona. Kwa mkuki mmoja nchi nzima ilichomwa moto, hata Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu katika wizara ya makoloni na hakuwa mtu wa huruma nyingi kwa watu weusi, alipeleka simu kutoka London kuuliza kama kweli hapana budi kuendelea kuwaua kwa wingi namna ile watu wasio na cha kujikinga.

Msomaji huenda akasema: hayo ni ya Wazungu, yatuhusu nini? Ndugu, tazama ni nani aliyeshika bunduki. Maafisa walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Askari walikuwa wengi wao Wasudani, wale tunaowaita Wanubi, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 katika mabaki ya jeshi la Emin Pasha. Na pamoja nao Waswahili wa pwani, na watu wa makabila mengine waliofuata ngawira. Wasudani na Waswahili hao walikuwa Waislamu. Walifunga Ramadhani, na baada ya idi walikwenda kuchoma nyumba za watu wasiowajua. Je, mtoto wa Uyoma aliyejificha matetemani mwaka 1899 akaona kofia nyekundu na akasikia Kiswahili, alijua nini juu ya dini yetu siku ile? Huwa twauliza katika mikutano yetu kwa nini Uislamu ulioingia Ziwani kabla ya ukristo umebaki kwa wachache, na huwalaumu wamishenari kwa shule zao na hospitali zao. Labda tungeanza kuuliza karibu zaidi.

Hatusemi kuwa watu wetu ndio waliopanga. Waliopanga ni wengine, na faida ikaenda kwa wengine. Na pwani nayo ilionja. Miaka ya 1895 na 1896 majeshi yale yale yalimwandama Mbaruk bin Rashid mpaka akavuka mpaka akakimbilia kwa Wajerumani. Lakini aliyeonja dhuluma hana udhuru wa kuipakua.

Vita Vikuu vya 1914 vilipokuja, watu wa Ziwani ndio waliochukuliwa kwa wingi kuwa wapagazi wa jeshi, na maelfu kwa maelfu hawakurudi: waliuawa na njaa, na kuhara, na homa ya mapafu, zaidi kuliko risasi. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam na ule wa Kariokor wa Nairobi umebeba jina la kikosi chao. Waliorudi walikuta kipande cha kuvaa shingoni. Ndipo tarehe 23 Disemba 1921 watu walipokutanika Lundha, katika nchi ya Gem, katika mkutano uitwao Piny Owacho, maana yake nchi imesema, na Jonathan Okwiri na wenziwe wakaikabili serikali kwa khabari ya kodi, na kipande, na kazi za kulazimishwa. Twawataja kwa heshima, ijapokuwa hawakuwa wa dini yetu, kwani walidai haki kwa maneno palipokuwa na damu.

Sasa tazama sisi wa pwani tulikuwa tukidai nini miaka hiyo hiyo ya 1920. Serikali iliwapanga watu kwa daraja: Mzungu juu, chini yake Mhindi, kisha Mwarabu, na chini kabisa yule iliyemwita mwenyeji. Kisumu yenyewe ilijengwa hivyo, Wazungu penye mwinuko na upepo, Wahindi katika barabara za maduka, na Mwafrika pembeni. Wazee wetu hawakusema kuwa ngazi hii ni batili. Waliandika maombi, wakaunda vyama, wakapeleka nasaba zao kwa wakubwa, wakitaka wahesabiwe kuwa si wenyeji, wapandishwe daraja moja. Twawafahamu, kipande kilikuwa udhalilifu, na mtu hujiokoa. Lakini aliyeomba atolewe katika kundi la wanaodhulumiwa, asiombe dhuluma iondoke, amekwisha kukiri kuwa waliobaki wanastahili. Hapo ndipo "mshenzi" ya msafara ilipokuwa "mshenzi" ya karatasi, ikatiwa muhuri, ikarithiwa. Jibu la ami kwa simu ni mwangwi wake.

Na wale Wanubi, walipata nini kwa utumishi wao? Waliwekwa Kibra, na Kibos karibu na Kisumu, na kwingineko, katika ardhi isiyokuwa na hati. Februari mwaka 2021 nyumba za Wanubi wa Kibos zilibomolewa usiku kwa sababu ya ardhi ya reli, na wajukuu wa askari wa himaya wakalala nje pamoja na wazee wao. Waliowapelekea chakula walikuwamo majirani zao Wajaluo.

Turudi kwenye posa. Mas-ala ya kufu yamo katika madhehebu yetu ya Shafi, na hatutaki kumficha msomaji yaliyomo. Maimamu wetu wameitaja nasaba miongoni mwa mambo ya kutazamwa, pamoja na dini, na uungwana, na kazi, na kusalimika na aibu. Lakini wameyasema hayo kuwa ni haki ya mwanamke na walii wake ya kumkinga na udhalilifu, tena haki wanayoweza kuiacha. Hawakuyasema kuwa ni amri. Imamu Malik yeye kufu kwake ni dini. Na wanavyuoni wetu waliotazama usilamu wa baba na babu wa mposaji, kijana wetu amewatimizia hilo nalo, kwani barua yasema babu yake alizikwa Kiislamu. Basi amepungukiwa na nini? Ami hakusema kuwa haswali, wala kuwa hana kazi, wala kuwa ana tabia mbaya. Alisema neno moja tu, na neno hilo si sababu ya kisharia. Ni kumbukumbu ya msafara.

Mtume (s.a.w.) alimwoza Zaynab binti Jahsh, mwana wa shangazi yake, kwa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Alimshauri Fatma binti Qays, Mkureshi, aolewe na Usama bin Zayd, ambaye mama yake ni Ummu Ayman Mhabeshi. Fatma kwanza hakupenda, kisha akakubali, na yeye mwenyewe amesimulia kuwa alipata kheri hata wenziwe wakamwonea wivu. Na amefunza (s.a.w.) kuwa akitujia mtu ambaye twairidhia dini yake na tabia yake, tumwoze, na kuwa tusipofanya hivyo itakuwa fitina na uharibifu katika nchi. Walii anayemzuia mwanamke kwa mtu aliye kufu wake, kwa sababu isiyokuwa ya sharia, fiqhi yaliita jambo hilo adhl, na walii akishikilia, haki ya kuoza huhamia kwa kadhi. Hilo ndilo jibu letu kwa swali la kwanza. Kadhi yuko Kisumu, na mlango wake u wazi. Lakini twamwusia kijana asianze na mlango huo mpaka ami apewe nafasi ya kurudi, kwani binti atahitaji ami yake baada ya arusi.

Ama kwa ami, na kwa sisi sote tuliolitumia neno lile tukicheka, tumkumbuke Abu Dharr. Aligombana na mtu, na wako wapokezi wasemao alikuwa Bilal, akamtusi kwa weusi wa mama yake. Mtume (s.a.w.) alimwambia kuwa yeye ni mtu ambaye ndani yake mna ujahili. Tazama aliyeambiwa: si mnafiki, si mgeni wa dini, bali mmoja wa waliotangulia. Abu Dharr hakujitetea kuwa ni mzaha, wala kuwa hivyo ndivyo Waarabu wasemavyo. Tangu siku hiyo alionekana amevaa nguo sawa na ya mtumishi wake, na alipoulizwa akasimulia kisa chake mwenyewe, pamoja na aibu yake. Na Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 11, imekataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, kabla ya aya ya 13 kutukumbusha kuwa asili yetu ni moja na mbora wetu ni mcha Mungu. Wengi huisoma ya 13 katika arusi na mikutano, wakairuka ya 11.

Imebaki shubuha moja. Mtu atasema: waliofanya ni wazee, wamekufa, na hapana mtu abebaye mzigo wa mwingine. Kweli. Lakini sote tumesoma katika mirathi kuwa deni la maiti hulipwa kabla ya kugawanywa urithi. Mrithi hadaiwi zaidi ya kilichoachwa. Lakini kile kilichoachwa kina deni ndani yake. Wazee wetu walituachia nini katika jambo hili? Walituachia jina la ubora tusilolifanyia kazi, na neno la kumshusha mwenzetu. Hivyo viwili tumevipokea, na kila siku tunavitumia. Na toba katika haki ya mwanadamu, kama tujuavyo, haitimii kwa istighfari peke yake mpaka mwenye haki arudishiwe haki yake au atake radhi. Mwaka 2023 Mfalme wa Uingereza alikuja Kenya akataja maovu ya ukoloni na majuto yake, wala hakuomba radhi. Magazeti yetu yalimlaumu, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliolaumu. Tulikuwa na haki ya kumlaumu, lakini hatukuwa tumepeleka neno letu wenyewe Uyoma.

Katika darsa yetu tumeafikiana mambo mawili madogo. Kuanzia mwezi wa Mfungo Sita, somo la tarekhe la Jumamosi litakuwa juu ya vita vya Ziwani na Nandi na Kisii, na mzee mmoja wa Kijaluo, Mwislamu, amekubali kuja kusomesha, nasi tutakaa chini kumsikiliza. La pili, tumemwandikia ami barua, tukamweleza hukumu kama tulivyoieleza hapa, na tukamtaka ampigie kijana simu yeye mwenyewe. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ataichukua ndugu yetu mmoja kwa mkono siku ya Alkhamisi, na ameambiwa asiondoke mlangoni mpaka isomwe.